Tifu au Chubwi? Tanakali za Sauti na Masikio Yetu

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nami ningependa kuyaanza makala haya kwa kukiri kosa langu, au lile lililoitwa kosa, kisha mtanihukumu wenyewe.

Nilipokuwa kidato cha kwanza tulipewa zoezi la matumizi ya lugha. Swali moja lilikuwa hivi: "Jaza pengo kwa tanakali ifaayo: Ndoo ilianguka kisimani ______." Darasa zima likaandika chubwi. Mimi peke yangu nikaandika tifu. Daftari liliporudi, jibu langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na jirani yangu alipochungulia alicheka kwa kwa kwa hadi mwalimu akamtoa nje. Ati tifu! Ndoo ianguke kisimani ilie tifu kama gunia la unga!

Lakini hebu nisikilizwe. Mimi nimezaliwa Kitui, karibu na Mto Tiva. Wengi wenu mnaujua mto huo, au mnajua ndugu zake. Kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji yapo, lakini yapo chini ya mchanga. Kisima kwetu ni shimo linalochimbwa katikati ya mto, wakati mwingine lenye kina cha kimo cha mtu, na chini kabisa maji huchuruzika polepole kutoka mchangani. Ukiangusha ndoo katika kisima hicho, inaanguka mchangani. Nayo hulia nini? Tifu! Sikukariri jibu lile popote. Nililisikia kwa masikio yangu mawili.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niyaandike haya. Nataka tuzungumze juu ya tanakali za sauti: ni nini, zinafanyaje kazi, kwa nini mataifa mengine husikia tofauti na sisi, na kwa nini naamini kwamba mtu akizikariri kama orodha tu bila kusikia, amepata alama lakini amekosa kitu kikubwa.

Tanakali ni nini?

Tanakali za sauti ni maneno yanayoigiza mlio wa kitu au hali ya kitu. Wengine huziita onomatopea, na katika sarufi utazikuta pia kwa jina la vielezi viigizi, kwa sababu aghalabu hukieleza kitenzi. Katika lugha za Kibantu maneno haya ni mengi mno hata yakapewa jina lake katika taaluma. Mwaka wa 1935 mwanaisimu Clement Doke, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliyatenga kama aina ya neno inayojitegemea, akayaita ideofoni. Kwa hiyo usidhani ni mapambo ya watoto. Ni sehemu halisi ya lugha yetu.

Mimi huzigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni zile zinazoigiza sauti yenyewe. Jiwe likianguka majini ni chubwi; mtu akianguka matopeni ni tapwi; mzigo ukianguka mchangani ni tifu; ukianguka sakafuni ni pu. Kijiti kikivunjika ni kacha. Mtu akicheka ni kwa kwa kwa, akilia kwa uchungu ni kwi kwi kwi.

Kundi la pili ni la ajabu zaidi, kwa maana huigiza kitu kisicho na sauti hata kidogo. Tunasema nguo ni nyeupe pe, masizi ni meusi ti, damu ni nyekundu ndu. Je, weupe una mlio? Hauna. Lakini tukisikia pe tunauona weupe ule hadi macho yanauma. Vivyo hivyo mtoto amelala fofofo, maji yametulia tuli, giza ni totoro, mlango umefungwa ndi, gunia limejaa pomoni, na shati limelowa chapachapa. Ajabu kuliko zote ni jii. Tunasema watu walinyamaza jii, yaani hata kimya tumekipa sauti yake!

Kundi la tatu ni maneno ambayo ukiyasikiliza vizuri utagundua kwamba yalianza kama mlio, kisha yakavaa sare ya nomino au kitenzi na kuingia katika sarufi kama maneno mengine. Pikipiki ni mfano mzuri, na kabla yake wengine waliita chombo hicho hicho tukutuku. Msikilize anayenong'ona, anayekoroma, au kuni mbichi zinazotatarika motoni. Neno lenyewe linafanya kile linachokitaja.

Kanuni zake

Tanakali zina utaratibu wake, na mtu asipouzingatia insha yake huchekesha.

Kwanza, kila moja ina mwenzi wake. Pe haiachani na weupe, ti haiachani na weusi, ndu haiachani na wekundu. Ukiandika "nyeusi pe" umevunja ndoa ya watu.

Pili, haziambatani na ngeli. Sisi wanafunzi tunaohangaika na upatanisho wa kisarufi tunapaswa kuzishukuru. Kijiti kimevunjika kacha. Vijiti vimevunjika kacha. Mti umevunjika kacha. Kila kitu kimebadilika, lakini kacha imekaa vile vile.

Tatu, zinaweza kurefushwa na kurudiwa, na kufanya hivyo kuna maana. Pu! ni kuanguka mara moja. Pu pu pu! ni maembe mengi yanayoanguka upepo unapovuma, jambo ambalo wenzetu wa Makueni wanalijua vizuri zaidi yetu. Msimulizi hodari anaposimulia ngano huivuta jiiii mpaka wasikilizaji wenyewe wananyamaza.

Nne, tanakali hazipendi kukanushwa. Jaribu kusema, "Hakuanguka pu," usikie jinsi sentensi inavyokwama. Sababu yake ni rahisi. Tanakali haisimulii tu; inaonyesha. Inalifanya tukio litokee tena mbele ya msikilizaji. Sasa kama jambo halikutokea, tutaonyesha nini?

Ndiyo maana katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba tanakali ni mojawapo ya mbinu kuu za mtambaji. Hazikuundwa kwa ajili ya Karatasi ya Pili. Ziliundwa kwa ajili ya watu waliokaa kuzunguka moto, ambao walitaka kuona kwa masikio.

Wajapani nao

Huenda msomaji akafikiri kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. La hasha! Nilipoanza kudadisi nilishangaa kujua kwamba Wajapani, watu wa mbali kabisa na Kitui, wana hazina kubwa ya maneno ya aina hii. Kamusi yao moja iliyochapishwa mwaka wa 2007 inayashughulikia maneno 4500 ya namna hiyo. Wao huyatenga kwa majina: giseigo ni sauti za viumbe hai, giongo ni sauti za vitu, na gitaigo ni hali zisizo na sauti. Umeona? Lile kundi langu la pili, la pe na ti, nao wanalo, na wamelipa jina.

Tuanze na wanyama. Paka wa Japani hulia nyaa nyaa, naye wa kwetu hulia nyau. Hao hawakosani. Mbwa wao hulia wan wan, wa kwetu bwe bwe. Jogoo wao huwika kokekokkoo, wa kwetu kokoriko, na wa Mfaransa cocorico, ambaye bila shaka ni binamu wa huyu wetu. Ng'ombe wao hulia moo moo, wa kwetu mbuu.

Kisha ingia katika mvua. Mjapani anayo potsu potsu, matone ya kwanza yanayodondoka moja moja. Shito shito, manyunyu mapole yanayoloweka polepole. Na zaa zaa, mvua kubwa inayomwagika bila huruma. Moyo ukidunda kwa hofu au furaha ni doki doki. Kitu kikimetameta ni kira kira. Gari moshi likipita ni gatan goton. Na kimya je? Kimya chao ni shiin. Sisi jii, wao shiin! Mataifa mawili yaliyotenganishwa na bahari nzima yameona kwamba kimya kikuu kina mlio, na yote mawili yameupa mlio huo irabu nyembamba iliyovutwa.

Lakini lililonivutia zaidi ni hili. Katika Kijapani, kitu kidogo chepesi kikibingirika ni koro koro. Kitu kikubwa kizito kikibingirika ni goro goro, na hata radi ni goro goro. Kubisha mlango polepole ni ton ton. Kuupiga kwa kishindo ni don don. Yaani wanabadilisha konsonanti moja tu, k ikawa g, t ikawa d, na uzito unaongezeka. Sisi nasi tunaijua siri hiyo ingawa hatujaiandikia sheria. Tupa kijiwe juu ya bati, kisha tupa jiwe kubwa. Nani atasema kijiwe kimelia du na jiwe kubwa limelia ta?

Masikio ni yale yale?

Sasa swali linakuja. Kama mbwa ni mbwa, na sikio ni sikio, kwa nini Mjapani asikie wan na sisi tusikie bwe?

Jibu ni kwamba sikio hupokea kila kitu, lakini ulimi hutoa tu sauti ambazo lugha yake imeufundisha. Silabi ya Kijapani huishia kwa irabu au kwa n, kwa hiyo mbwa wao hana budi kuingia katika mlango huo: wan. Silabi ya Kiswahili nayo kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo bwe. Mbwa mwenyewe hajui mambo haya. Yeye hubweka tu.

Mfano wa karibu zaidi uko nyumbani. Susu wangu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, huiita pikipiki vikiviki. Nilipokuwa mdogo nilidhani anakosea. Kumbe hakosei! Kikamba hakina sauti p ya kusimama peke yake, wala hakina r. Ndiyo maana Petero wa kwetu ni Vetelo na Maria ni Malia. Susu husikia injini ile ile ninayoisikia mimi, lakini anaipitisha katika mlango wa lugha yake. Basi tusiwacheke wazee wetu, wala mwenzetu asichekwe bwenini kwa sababu tiriri yake imetoka tilili.

Wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hili. Ferdinand de Saussure wa Uswisi, ambaye mafunzo yake yalichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba hapana uhusiano wa lazima kati ya neno na kitu. Hakuna sababu ya mti kuitwa "mti". Kuhusu tanakali alisema ni chache, na hata hizo hutegemea mapatano ya watu. Kwa upande mwingine, mwaka wa 1929 Wolfgang Köhler alieleza jaribio dogo ambalo nawe unaweza kulifanya leo darasani. Chora ubaoni maumbo mawili: moja lenye ncha kali kama nyota, jingine la mviringo mviringo kama wingu. Sema kwamba moja linaitwa takete na jingine baluma. Uliza lipi ni lipi. Watu wengi huliita lile lenye ncha takete. Kwa nini? Hakuna aliyewafundisha. Kwa hiyo ninaona ukweli uko katikati: sauti huvuta upande fulani, kisha lugha huamua njia.

Sauti ya mto

Hadi hapa huenda unasema, haya ni mazungumzo ya kupendeza lakini yananisaidia nini? Ngoja nikusimulie.

Wanaokwenda mtoni na mitungi ya lita 20 wanajua kwamba mtungi husema unapojazwa. Mwanzoni sauti yake ni nzito, bo bo bo. Unavyoendelea kujaa sauti hupanda, inakuwa nyembamba na ya haraka, mpaka karibu na mdomo hulia kama filimbi. Sababu ni hewa iliyobaki ndani. Hewa hiyo ndiyo inayotetema, na kadiri nafasi yake inavyopungua ndivyo sauti inavyopanda. Susu hajasoma fizikia, lakini macho yake yalipoanza kufifia hakumwaga hata tone. Huziba mtungi kwa kusikia. Vile vile kikombe chake kikigusa chini ya kisima kikalia kwaru kwaru, anajua maji yamekwisha na ni wakati wa kusubiri yachuruzike tena. Naam, debe tupu haliachi kuvuma, na debe lililojaa nalo lina neno lake.

Basi ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa mvua za vuli ambazo huku kwetu ndizo tunazozitegemea zaidi kuliko masika. Kwetu haikuwa imenyesha. Jua lilikuwa linawaka na mchanga unachoma nyayo. Mawingu tuliyaona mbali, juu ya vilima vya upande wa juu wa mto. Mimi na binamu yangu tulikuwa ndani ya kisima tukichota, na susu alikuwa ameketi kando akishika kamba ya punda. Mitungi miwili ilikuwa imejaa, miwili bado.

Ghafla punda akasimamisha masikio. Susu akainua mkono, nasi tukanyamaza jii. Mimi sikusikia kitu. Binamu yangu akasema ni upepo tu.

"Upepo hupumua," susu akasema. "Unakuja, unakwenda, unakuja. Sikilizeni huu. Vuuuuu. Huu haupumui. Tokeni!"

Nikasema, "Susu, ngoja tujaze huu mmoja."

"Tokeni, wanangu! Mtungi hununuliwa!"

Tulitoka. Mtungi mmoja tuliuacha ndani ya kisima na mwingine ukingoni. Tulipanda gengeni huku punda akituvuta badala ya sisi kumvuta. Nilikuwa bado nalalamika juu ya mtungi nilipogeuka na kuona mto wote umekuwa maji mekundu, yanabingirisha magogo na matawi bingiribingiri, na pale palipokuwa na kisima chetu hapana hata dalili. Moyo ulinidunda du du du. Binamu yangu alikaa chini akaanza kulia kwi kwi kwi, na mimi sikumcheka.

Baadaye shuleni nilijifunza ni kwa nini susu aliweza kutuokoa. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde moja. Maji ya mafuriko huenda polepole mno kuliko hivyo. Tuseme maji yako umbali wa kilomita mbili na yanakuja kwa mwendo wa mita tatu kwa sekunde. Mlio wake utakufikia kwa sekunde sita hivi, lakini maji yenyewe yatachukua dakika kumi na moja. Dakika hizo kumi na moja ni uhai, lakini ni za yule tu anayeujua mlio huo. Mimi niliusikia baadaye kidogo, nikadhani ni upepo, kwa sababu sikuwa na jina lake. Yeye alikuwa nalo. Alikuwa na vuu inayopumua na vuu isiyopumua, na tofauti yake aliirithi kwa wazee wake.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekariri tanakali zaidi ya arobaini. Hiyo moja haikuwemo.

Sisi wa Kitui hatuhitaji kuambiwa mito ya msimu hufanya nini. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji, na watu zaidi ya thelathini wakafa. Mungu awalaze mahali pema. Siwezi kusema kwamba masikio yangewaokoa, kwani aliye ndani ya gari husikia injini na nyimbo kabla ya kusikia mto, na maji yakishapanda barabarani jicho nalo hudanganywa na utulivu wake wa juu. Ninalosema ni kwamba mto uliofurika hauvukwi kwa kubahatisha, na kwamba maarifa ya wazee kuhusu milio yake si hadithi za kulaza watoto.

Reli ya Kibwezi

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya kimyakimya. Milio hufa.

Mamangu ni mzaliwa wa Kibwezi, kaunti ya Makueni. Reli ya kutoka Mombasa ilipita nchi hiyo ikielekea Nairobi, ambako ilifika mwaka wa 1899, na vizazi kadhaa vya Makindu, Emali na Kibwezi vimelala na kuamka kwa mlio wa gari moshi. Mamangu anasema walipokuwa watoto waligawana milio. Mmoja alikuwa injini, chuku chuku; wa nyuma walikuwa mabehewa, takata takata; na wa mwisho kabisa alikuwa honi. Takata ile ilitokana na gurudumu kupita juu ya mwanya mdogo kati ya kipande kimoja cha reli na kingine, na ndiyo hiyo hiyo gatan goton ya Wajapani.

Mwaka wa 2017 reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi, nayo ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Ni jambo la kujivunia, na safari imekuwa fupi. Lakini reli za kisasa huchomelewa vipande vikaungana, hivyo ule mwanya hupungua na takata nayo hupungua. Wadogo zangu tukimtembelea bibi mzaa mama hucheza gari moshi kwa kusema fyuuu! Hakuna injini wala mabehewa. Wote ni fyuuu. Sisemi ni vibaya. Kila wakati una mlio wake, na tanakali mpya zitazaliwa. Ila nilipomwuliza mdogo wangu kama anajua chuku chuku ni nini, alisema ni mchezo tu wa shule ya chekechea.

Vivyo hivyo kwa kinu na mchi, twi! twi! asubuhi na mapema, sasa tuna mashine ya kusaga. Kwa ngoma za kilumi walizopiga akina susu kuomba mvua, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuigiza mapigo yake kwa mdomo? Kitu kikiondoka, jina lake huweza kubaki vitabuni. Mlio wake ukiondoka, hakuna kitabu kinachoweza kuurudisha vizuri, isipokuwa mtu aliyeusikia aufanye kwa kinywa chake, na mwingine amsikilize.

Ushauri wangu

Kabla sijafika mwisho, niwape wenzangu mambo matatu.

La kwanza ni la mtihani, kwa sababu najua ndilo mnalolitafuta. Usiimwagie insha tanakali kama chumvi. Moja iliyokaa mahali pake inashinda tano zilizorundikwa. Ukiandika, "Mlango ulilia ng'wii, nikanyamaza jii, moyo ukalia du, jasho likanitoka tiriri, nikaanguka pu," msahihishaji atadhani umerogwa. Chagua ile ambayo usipoiandika msomaji hataona.

La pili, usikariri tanakali bila kitu chake. Ukikutana na tapwi, nenda ukatupe donge la udongo matopeni mvua ikinyesha. Ukikutana na kacha, vunja kijiti kikavu. Neno lililoingia kwa sikio halitoki kwa urahisi kama lililoingia kwa jicho pekee.

La tatu ni ombi kwa wanachama wote wa Chama cha Kiswahili. Likizo ijayo, kila mmoja akae na mzee mmoja wa nyumbani kwao, awe susu, babu au jirani, amwulize milio mitano: mlio wa mto unaokuja, wa nyuki wanaotaka kuhama mzinga, wa mbuzi aliyepotea, wa mvua inayofika juu ya mabati kutoka mbali, na wowote mwingine atakaoukumbuka. Aiandike jinsi inavyosikika, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Tukirudi tuikusanye katika daftari moja. Waliotoka Kitui wataleta ya mchanga. Waliotoka Makueni wataleta ya reli na ya mashamba ya maembe. Mwacha mila ni mtumwa, na milio nayo ni mila.

Na lile kosa langu je? Baada ya yale ya mtoni nilimwendea mwalimu na daftari langu la kidato cha kwanza. Nikamweleza kuhusu kisima cha mchangani na ndoo inayolia tifu. Alinisikiliza, akafikiri, kisha akasema, "Sikio lako halikukosea. Lakini aliyetunga swali hajawahi kufika kwenu, nawe hukumwandikia sentensi ya kumfikisha. Siwezi kukupa alama ya mwaka juzi. Nenda ukaandike makala."

Ndiyo haya. Kwa hayo machache natia nanga. Kiswahili kitukuzwe, na masikio yetu yafunguliwe.